HAKI YA PUNDA ALIYETUPWA

Ndugu yetu mmoja wa Lamu ametuletea barua, nayo ilisomwa katika darasa yetu Alkhamisi mbili mfululizo, kwani siku moja haikutosha. Asema humo ya kuwa katika kiangazi kilichopita alimkuta punda dume amelala kando ya jaa, hawezi kusimama, mbavu zake zahesabika kwa jicho, na uti wa mgongo umetokeza kama mkuku wa dau lililopinduliwa. Akamwinua kwa msaada wa vijana wawili, akamtia uani kwake, akamlea miezi minne mpaka punda akarudi kuwa punda. Siku ya kwanza alipomtoa njiani, mwenyewe akamtambua kwa kovu la shogi, na jioni yake akaja kubisha hodi kumdai.

Masuala ya ndugu yetu ni matatu. Je, alilolifanya lilikuwa wajibu juu yake, au ni fadhila tu ambayo lau angaliiacha asingalikuwa na dhambi? Je, ni kweli wasemavyo baadhi ya majirani, ya kuwa kumlisha punda katika mtaa wenye watu wenye njaa ni upungufu wa akili na wa dini? Na la mwisho, ambalo ndilo linalomkosesha usingizi: punda huyu sasa ni wa nani?

Twajua wako watakaocheka wakiona jarida la dini limefungua kurasa zake kwa ajili ya punda. Kwetu mtu akitaka kumtukana mwenzake humwita punda, na methali tulizorithi juu ya mnyama huyu hazina huruma: afe punda, mzigo wa bwana ufike, na fadhila ya punda ni mateke. Wengine huijenga dharau yao juu ya dini yenyewe, nao hawakusoma walichokishika. Aya ya Sura ya Luqman iliyotaja ubaya wa sauti ya punda yamfundisha mwanadamu ashushe sauti yake yeye. Na aya ya Sura ya Jumua, iliyopiga mfano wa punda abebaye vitabu, yawalaumu wenye elimu wasioifuata. Punda hana lawama pale, kwani yeye kazi yake ameifanya, vitabu amevifikisha. Na hadithi ituamuruyo kujikinga kwa Mwenyezi Mungu na shetani tusikiapo mlio wake yatuamuru kuomba kinga, haituamuru kushika fimbo. Mtume wetu (S.A.W.) alipanda punda na Muadh bin Jabal (R.A.) nyuma yake, na jina la punda huyo, Ufayr, limehifadhiwa katika Sahihi ya Bukhari mpaka leo. Na alipomwona punda aliyetiwa chapa ya moto usoni, alimlaani aliyemfanyia hivyo. Ni wangapi katika sisi wajuao hata jina la punda aliyebeba mchanga na mawe ya nyumba zao?

Tuje katika suala la kwanza. Watu wengi, hata wapole wao, hudhani ya kuwa wema kwa mnyama ni mapambo ya tabia. Aliye nao asifiwe, asiye nao aachwe. Rai hii ina wakubwa wake. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alifundisha ya kuwa mwanadamu hana wajibu wowote kwa mnyama mwenyewe. Tukatazwapo kumtesa mbwa ni kwa sababu mwenye kuzoea kumtesa mbwa atakuja kuwatesa watu. Kwa kauli hii mnyama ni kama ubao wa mwanafunzi, twaandika juu yake ili mkono wetu uzoee hati njema, na ubao wenyewe hauna dai.

Wanavyuoni wetu hawakusema hivyo. Sheikh Izzud-Din bin Abdis-Salam, aliyefariki mwaka 660 wa Hijria (1262), alipoziandika katika Qawaidul Ahkam haki zilizo juu ya mwanadamu, alizitia humo haki za wanyama, na akazinasibisha kwa wanyama wenyewe. Katika hizo ametaja kuwa mwenye mnyama amgharimie hata akiwa mgonjwa au mzee asiye na manufaa tena kwake. Hebu tulizingatie neno hili. Lau haki ya mnyama ingalitokana na kazi yake, ingalikoma siku kazi ikomapo. Lau ingalikuwa ni zoezi la moyo wetu tu, tungaliweza kulifanya zoezi hilo kwa mnyama mwingine mwenye afya na sura nzuri. Lakini Sheikh ameifunga haki katika roho ya yule yule aliyechoka, na roho haipungui kwa sababu mgongo umepinda.

Imam Nawawi naye, katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa katika pwani yetu kizazi baada ya kizazi, amelitia jambo hili katika hukumu. Mwenye mnyama yampasa ampe chakula na maji. Akikataa hulazimishwa: ikiwa ni mnyama wa kuliwa, ama amuuze, ama amlishe, ama amchinje, na ikiwa si wa kuliwa, kama punda wa mjini, ambaye nyama yake iliharimishwa mwaka wa vita vya Khaibar, basi hapana ila mambo mawili, kumuuza au kumlisha. Msomaji ataona ya kuwa kumtupa hakumo. Na mwenyewe akiwa hana kitu, na Baitul Mali haipo, wamesema wanavyuoni wa madhehebu yetu, mzigo huo huwarudia Waislamu wa mahala pale.

Kwa hivyo jibu la suala la kwanza ni kuwa wajibu ulikuwepo, tena haukuwa wa ndugu yetu peke yake. Ulikuwa wa mtaa mzima, wa kila aliyepita penye jaa akaona. Yeye aliubeba, ukawaanguka wengine. Wanaomcheka leo yawafaa wakumbuke ya kuwa amewalipia deni.

Na asiyekinai kwa hayo, na aitazame mas'ala aliyoisoma utotoni katika mlango wa tayamamu. Mtu yuko safarini, ana maji ya kutosha udhu wake tu, na pembeni yake yupo mnyama mwenye kiu ambaye sharia yamheshimu. Afanyeje? Atatayamamu kwa mchanga, na maji atampa mnyama. Sala, ambayo ni nguzo ya dini, imempisha punda kwenye kata ya maji! Twaisoma mas'ala hii, twaihifadhi, twaitahiniwa, kisha twatoka darasani twampita punda amelala.

Hapa pana hoja ya mwenye punda ambayo hatukuweza kuipuuza, na kwa hakika ndiyo iliyotuchukua Alkhamisi ya kwanza yote. Yeye hakukana kuwa alimwacha. Alisema: “Mimi sikumfunga. Yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha aende akajitafutie. Mimi nilimfungua kamba nikamwambia nenda. Kazi ya ujenzi ilikuwa imesimama, majani nikiyanunua kwa bei ya chakula cha wanangu. Ningemfunga ningekuwa kama mwanamke yule, nilimwacha huru.”

Maneno haya si ya mjinga. Hadithi ya paka, aijuayo kila mtoto wa chuoni, kweli imetaja makosa mawili pamoja, kunyima na kufungia, na mwenye kuachia huonekana kama ametoka katika mlango wa pili. Lakini kuachia ni kumwachia mnyama riziki yake, si kumwachia kamba yake. Paka akifunguliwa hupata panya na wadudu wa ardhi, kwa kuwa Mola amempa makucha na mwendo wa kuwinda. Punda wa mji wa mawe akifunguliwa hukuta nini? Vichochoro vya saruji, na mwisho wa vichochoro, jaa. Humo hula maganda yaliyochanganyika na plastiki, na plastiki ikimkusanyikia tumboni hufunga njia ya chakula, akafa kwa msokoto. (Serikali iliikataza mifuko ya plastiki ya kubebea tangu Agosti 2017, lakini atazamaye majaa yetu ataona kuwa plastiki ina majina mengi.) Mnyama tuliyemtoa nyikani tangu enzi za mababu, tukamzoeza kula mikononi mwetu, tukajenga mji usio na unyasi juu ya nchi yake, hatuwezi siku ya dhiki kumwambia, “Nenda ukajitegemee,” kisha tukauita huo uhuru. Kumfungua pasipo na majani ni kumfunga kwa kamba ndefu zaidi.

Hata hivyo twamhurumia mwenye punda. Mwenye kulaumu na achunguze kwanza kama yeye mwenyewe alimlipa mchukuzi huyo ujira wa haki siku alipobebewa mchanga, au alimkata shilingi mlangoni. Njaa ya punda mara nyingi huanzia mfukoni mwa aliyekodi.

Sasa tutaeleza kidogo jinsi punda huyu alivyohuishwa, kwani ndani yake mna jambo ambalo hatukulitarajia kuhusu rehema.

Ndugu yetu, kabla ya kumpa chochote ila maji, alikwenda kumwita daktari wa mifugo. Huku nyuma majirani wema walikwisha kuleta sinia: wali uliobaki, uji wa mtama, tende, pumba za mahindi. Daktari akaviondosha vyote. Akasema ya kuwa mnyama aliyeshinda na njaa muda mrefu, mwili wake umekwisha kula mafuta yake, kisha ukaanza kula nyama ya misuli yake, na ukazoea kuishi bila sukari. Akipewa nafaka au wali kwa wingi, sukari hupanda ghafla katika damu, na mwili hutoa insulini kuiingiza sukari hiyo katika viungo. Pamoja na sukari huvutwa madini ya damu, fosfeti, potasiamu na magnesiamu, ambayo kwake yalikuwa yamebaki kidogo mno. Damu ikiyakosa, moyo hupoteza mpigo wake na pumzi hukatika. Mnyama aliyesalimika na njaa hufa kwa shibe, katika siku chache za kwanza, na mikono ya waliomhurumia.

Jambo hili limechunguzwa katika Chuo Kikuu cha California huko Davis, ambako farasi waliokondeshwa na njaa, waliookolewa, walilishwa kwa namna mbalimbali ili ijulikane ipi iliyo salama. Walioonekana kupona vyema ni waliopewa majani makavu ya alfalfa, yenye wanga mchache na madini mengi, kidogo kidogo kila baada ya saa 4, usiku na mchana, na kipimo kikiongezwa polepole mpaka siku ya kumi hivi. Kisha ni subira ya miezi 3 mpaka 5 kabla ya uzito kurudi. Kwa punda, ambaye tumbo lake limeumbwa kwa vitu vikavu kuliko la farasi, daktari aliagiza majani makavu na mabua, na gumba moja la alfalfa likipatikana. Dawa ya minyoo isitolewe kwanza mpaka apate nguvu ya kuistahimili. Meno yatazamwe, kwani meno ya punda huendelea kuchomoza umri wake wote na kingo zake huwa kali zikakata shavu, akawa anaona chakula na hawezi kukitafuna. Na kwato zikatwe.

Basi ikawa ndugu yetu, kwa siku kumi, aamka usiku wa manane kumpa punda mwenye njaa konzi ya majani, kisha amwondokea, na punda amtazama. Majirani wakasema ni bakhili. Bibi mmoja alilia mlangoni akimwomba amruhusu ampe mnyama walau sahani ya wali kwa ajili ya Mwenyezi Mungu. Naye akakataa.

Darasani tulilizungumza sana jambo hili. Twazoea kudhani rehema ni maji yanayofurika moyoni, na kila yanapofurika zaidi ndipo rehema ilipo kubwa. Bibi yule machozi yake yalikuwa ya kweli, na hatuna shaka ana ujira wa nia yake. Lakini lau sahani yake ingalipokewa, punda angalikufa. Na mwenye kuonekana bakhili ndiye aliyekuwa na rehema iliyomfikia mwenye kurehemewa. Rehema isiyouliza, “Huyu amfaa nini?” humrehemu mwenye kuitoa tu, ikamtua mzigo wa kutazama. Nasi katika mambo yetu ya umma, katika kuwalea mayatima na kuwasaidia wagonjwa, hutoa sahani ya wali mara nyingi kuliko tuamkavyo kila saa 4.

Alikuwepo pia aliyeshauri punda aandikiwe kombe na kufungwa hirizi shingoni, kwa kuwa kukonda kule ni jicho. Kwa huyo hatuna maneno mengi. Jicho tunaliamini kwa kuwa limethibiti katika hadithi; lakini mbavu zikionekana, na hori likiwa tupu, jicho lililomdhuru punda ni lile lililomtazama likapita.

Tena daktari alifundisha kupima kwa mkono wala si kwa jicho. Manyoya ya punda huficha mifupa, na tumbo lake likijaa minyoo huvimba akaonekana ameshiba. Mtu apitishe viganja juu ya mbavu, uti na nyonga. Kwa punda vipimo ni vitano, cha kwanza ni mifupa mitupu, cha tatu ndicho kiasi, cha tano ni unono wenye maradhi. Farasi wao wana vipimo tisa vilivyowekwa Marekani mwaka 1983. Na unono nao una khatari yake. Punda, na vile vijifarasi vya Marekani na Ulaya visivyozidi inchi 34 kimo, wakiwa wanono kisha wakakatiwa chakula ghafla, mafuta hufumka kutoka mwilini kuingia katika damu mpaka ini likashindwa. Katika wiki ya tatu, ndugu yetu akimsafisha ukwato, punda alimpiga teke la paja. Fadhila ya punda! Lakini asema katika barua kuwa alifurahi, kwa kuwa siku alipomchukua mnyama huyo hakuwa na nguvu hata ya kumfukuza nzi. Anayengoja shukrani ndipo atende, hakutenda, ameuza.

Ama suala la pili, la wenye kusema kuwa watu wana njaa, hatutalikalia sana. Roho ya mwanadamu hutangulia roho ya mnyama, hapana khitilafu katika hilo. Lau pangalikuwa na tonge moja, na mtoto upande huu na punda upande ule, hatungaliuliza. Na katika mafungu manane ya zaka punda hana fungu, kwa hivyo asichukuliwe mtu zaka yake akapewa mnyama. Lakini je, tonge ni moja? Punda wa kilo 160 hutosheka kwa siku na kilo 2 mpaka 3 za majani makavu na mabua. Hapana mtoto wa Lamu aliyelala njaa kwa sababu punda amekula mabua. Na twaona ajabu ya kuwa hoja hii ya maskini haisikiki usiku wa harusi, wakati sinia za pilau zinapomwagwa. Husikika asubuhi yake tu, mtu akipita na gunia la majani. Aliyemkumbuka maskini kwa sababu ya punda, ikiwa ataendelea kumkumbuka baada ya punda, basi punda huyo amefanya kazi nyingine kubwa.

Tumefika penye fundo. Punda ni wa nani?

Abu Dawud amepokea hadithi ambayo maana yake ni kuwa mwenye kumkuta mnyama ambaye wenyewe wameshindwa kumlisha wakamwacha, akamchukua akamhuisha, basi ni wake. Maulamaa wamekhitilafiana juu yake. Imam Ahmad na Is-haq waliishika: mwenye kuhuisha ndiye mwenye mali, ikiwa aliachwa mahala pa kuangamia. Imam Malik alisema mnyama ni wa mwenyewe wa kwanza, lakini amlipe aliyemlea gharama zake. Na Imam Shafii, ambaye ndiye tumfuataye katika pwani hii, alisema ni wa mwenyewe, na gharama za mleaji ni sadaka yake, hana dai. Kwa kauli ya madhehebu yetu, basi, ndugu yetu afungue mlango, ampe mtu punda wake, na ujira wake uko kwa Mola wake.

Wapo katika darasa waliotaka tukomee hapo. Wakaongeza hoja nzuri: katika ile hadithi ya ngamia aliyemlilia Mtume (S.A.W.) bustanini, akamshitakia njaa na uchovu, Mtume aliuliza kwanza nani mwenyewe, akaja kijana wa Kiansari, akamwonya amwogope Mwenyezi Mungu kwa mnyama aliyemmilikisha. Alimwonya, wala haikupokewa kuwa alimnyang'anya. Kudhulumu mnyama hakukati umiliki.

Sisi wengine tuliona ya kuwa kijana yule alikuwa bado amemshika ngamia wake. Hakumtupa. Na hapa barua ya ndugu yetu yasema jambo ambalo lageuza mizani: mtu alikwenda kumwambia mwenye punda, “Punda wako ameanguka jaani,” naye akajibu mbele ya mashahidi wawili, “Si wangu tena, atakaye amchukue.” Mwenye kutamka hivyo ameitoa mali yake kwa ulimi wake mwenyewe, kama atupaye kokwa akamwachia mwenye kuiokota. Asiseme leo, mti umeota, kuwa kokwa ni yake. Hatukuona haya kuiacha kauli ya Imam wetu katika mahala hapa, kwa kuwa yeye mwenyewe (Mungu amrehemu) alitufundisha kufuata dalili, na kwa kuwa twadhani mas'ala aliyoitolea kauli si hii ya mtu aliyetamka kuacha.

Alipoambiwa hayo, mwenye punda alisema: “Nyama ni yake, sikatai. Lakini mifupa ni yangu.” Tulicheka darasani, kisha tukanyamaza, kwani swali lililomo ni la kweli. Siku alipotupwa, punda huyu hangepata hata mtu wa kumchukua bure. Leo ana thamani. Tofauti ya thamani hizo mbili imetoka wapi? Imetoka katika majani ya mmoja, na usingizi wa mmoja, na pumzi ambayo hakuna katika wawili hao aliyeiumba. Mifupa nayo, aliyeitunza isivunjike ni nani? Na katika mabishano yote haya ya nyama na mifupa, yuko wa tatu ambaye mali inayogawanywa ni yeye. Hakuulizwa, na lau angeulizwa hana ulimi. Haki yake imetangulia haki za wote wawili: yeyote atakayempata, atampata pamoja na njaa yake ya kesho.

Kwa sababu hii tulikataa jambo moja bila ya khitilafu, nalo ni kumrejesha punda kwa mtu asiye na uwezo wa kumlisha, hata lau umiliki ungalikuwa wake. Tumekwisha kuona ya kuwa asiyelisha hulazimishwa kuuza. Basi tumewaandikia hivi. Punda abaki kwa ndugu yetu. Mwenye kwanza asipewe thamani kwa njia ya haki, kwa kuwa ameiacha. Lakini ndugu yetu, akipenda, ampe kitu kwa njia ya ihsani, kwa kuwa ni mtu mwenye watoto aliyeingia katika dhiki. Na akihitaji kazi, washirikiane: mmoja mwenye majani na mmoja mwenye ujuzi wa njia na wateja, na mzigo uwe wa kiasi, na wagawane ujira. Khalifa Omar bin Abdulaziz (R.A.) alipopata khabari kuwa ngamia wa Misri hubebeshwa ratli 1,000, aliandika wasizidishiwe 600, hakukataza kazi, alikataza uchu. Wakikataa sulhu, mambo yatakuwa mazito, kwani Mahakama ya Kadhi kwa katiba ya 2010 haina mamlaka ila katika hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na mahakama nyingine zitauliza kwanza kwa nini mnyama alikondeshwa, jambo ambalo kwa sheria ya Kenya, Sura ya 360, ni kosa. Hatupendi kuona Waislamu wawili wafika huko kwa ajili ya punda aliyepona.

Mwenye punda hajajibu. Tumesikia ya kuwa kuna mtu wa bara aliyempa bei nzuri, na bei ya punda nzima katika siku hizi ina mashaka ndani yake. Kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa katika machinjio ya Kenya, kwa ajili ya ngozi zipelekwazo China kutengenezwa dawa, na wengi waliibwa usiku. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2020, Mahakama Kuu ikaiondosha marufuku hiyo 2021, na Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia biashara hiyo barani kote. Hatumdhanii mtu ubaya. Lakini tumemwandikia ndugu yetu asimfunge punda nje usiku.

Limebaki neno ambalo latuchoma. Hospitali ya punda ya Lamu ilifunguliwa mwaka 1987 na jumuiya ya Kiingereza, aliyoiasisi bibi mmoja wa Devon, Elisabeth Svendsen, mwaka 1969. Mungu awalipe kwa wema wao. Lakini Sheikh Mustafa as-Sibai wa Sham (aliyefariki 1964) ameandika kuwa huko Damascus palikuwa na konde pana lililowekwa wakfu kwa ajili ya wanyama waliochoka, ambao wenyewe waliacha kuwalisha. Hulisha humo mpaka wafe kifo chao. Waislamu walifikiri hivyo kabla ya Devon. Sisi tulikuwa wapi, na vitabu tulivyokuwa tumevibeba?

Barua ya ndugu yetu ina suala jingine mwishoni, kuhusu mtoto wa miaka kumi anayeendesha punda wa watu kutwa nzima badala ya kuwa chuoni, na ujira wake hupokewa na mwingine. Hilo tutalitazama katika toleo lijalo, Inshallah, na mwenye khabari za hakika atuletee kabla ya Alkhamisi ya pili ya mwezi.